Barua ya wazi kwa wasimamizi wa hifadhi yetu ya mtoni: ng'ambo ile tuachieni ilivyo

Ndugu wasimamizi,

Bango mlilolisimika pale langoni nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Linasema ukingo wa pili wa mto utafunguliwa kwa umma: daraja la waenda kwa miguu, njia ya mzunguko ya lami, taa, mabenchi, na sehemu mbili za kushukia majini. Mchoro unapendeza, na yule mama aliyechorwa akisukuma kigari cha mtoto chini ya taa anatabasamu kama anayenijua. Mara ya pili nilikuwa narudi, viatu vimejaa tope, nikaanza kujiuliza hiyo njia itapita wapi hasa. Mara ya tatu niliupiga picha mchoro kwa simu, nikaenda nao hadi kwenye jiwe ninalokaa kuvua, nikaulinganisha na ng'ambo kipande kwa kipande. Njia inapita juu ya karibu kila kitu ninachokuja kukitazama.

Mimi si mtaalamu wa wanyama. Ni mtembezi, na siku nyingine ni mvuvi wa ndoana anayerudi nyumbani mikono mitupu. Yaani ni miongoni mwa watu ambao njia hiyo inajengwa kwa ajili yao. Naandika kukataa zawadi, jambo ambalo si adabu sana, kwa hiyo nivumilieni nieleze.

Simameni siku moja upande wetu mtazame kingo zote mbili kwa pamoja. Huku kwetu ukingo umelala, umekanyagwa, nyasi zimebaki mashada mashada na mizizi ya miti iko nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Hilo halinisumbui. Hapa ndipo watoto wanapotupa mawe majini, wakimbiaji wanapopita, na sisi wavuvi tunapodanganyana kuhusu samaki aliyetoroka. Ng'ambo kuna ukuta wima wa udongo mwekundu wenye vishimo vya mdiria na keremkerem. Humo ndani ndege hao huchimba handaki la urefu wa mkono na zaidi, kisha hutaga mwishoni kabisa, gizani. Chini yake kuna matete. Baada ya matete kuna ule mti ulioanguka ambao nusu yake iko majini, na ambao mchoro wenu umeuondoa bila maelezo, kana kwamba uliota kwa makosa. Kobe wa maji huuparamia kuota jua. Mbele ya mti liko jiwe bapa ambalo fisimaji hulifanya choo. Kwa darubini unaona kinyesi chenyewe, kimejaa magamba ya samaki yanayometa. Fisimaji mwenyewe nimemwona mara nne tu tangu nianze kuja hapa. Jiwe lake naliona kila wiki na linanitosha.

Tofauti ya kingo hizo mbili haikuletwa na mradi wowote. Udongo ni uleule na maji ni yaleyale. Ng'ambo hakuna njia, basi.

Kivuli cha miti ya ng'ambo nacho kina kazi ambayo haionekani kwenye mchoro. Maji yakipata joto hushindwa kubeba hewa: lita moja ya maji yenye nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni, yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7 na nusu. Msimu maji yanapopungua, samaki wote wa kipande hiki hujibana chini ya matawi yale. Ndiyo sababu tunaovua huku tunajinyoosha kurusha ndoana kule. Mkikata matawi ili mpitishe njia na "kufungua mandhari", kama bango linavyosema, mtakuwa mmefungua mandhari ya maji ya uvuguvugu.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu sitaki ionekane nawalaumu wengine. Niliwahi kuvuka. Ni miaka kadhaa imepita, maji yalikuwa chini, lile fungu la mchanga la katikati limejitokeza lote, jeupe. Nikavua viatu, nikapita majini hadi magotini, kamera shingoni. Nilipofika mchangani ndege mmoja mdogo wa rangi ya mchanga akaanza kukimbia mbele yangu huku akiburuta bawa moja. Nikadhani ameumia. Nikamfuata taratibu, hatua ishirini, thelathini, mpaka alipoinuka na kuruka mzima kabisa, mabawa yote mawili. Nikacheka. Nikageuka kurudi kwa kufuata nyayo zangu, ndipo nikayaona: mayai matatu ndani ya kishimo kisicho hata na jani, madoa yake sawa na ya kokoto zilizoyazunguka. Alama ya kisigino changu ilikuwa upana wa kiganja kutoka kwenye yai la karibu.

Nilirudi upande wetu nikakaa kutazama. Jua lilikuwa limepanda na mchanga ulikuwa unachoma. Yule ndege alikawia karibu nusu saa kurudi, na aliporudi hakuyalalia mayai. Alisimama juu yake, mabawa ameyafungua kidogo, akiyatilia kivuli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye mchanga wa moto mzazi hakai kwenye mayai kuyapa joto. Hukaa ili yasipikike. Wapo ndege wa jamii hiyo ambao hata huenda kulowesha manyoya ya tumbo majini, kisha hurudi kuyapoza mayai. Nusu saa ya mayai kubaki juani ilikuwa yangu mimi, mtu mmoja, mwenye nia njema na kamera. Kama yalianguliwa au la, sikujua. Sijavuka tena.

Nimekisimulia kisa hicho kwa sababu nawasikia watu wakisema shida ni pikipiki na boti za injini, kwamba sisi wa miguu tunapita tu. Mwaka 2016 yalichapishwa mapitio ya tafiti 274 kutoka sehemu mbalimbali za dunia kuhusu burudani za nje na wanyama. Zaidi ya 93% ya tafiti hizo zilionyesha angalau athari moja kwa wanyama, na 59% ya athari zilizoonekana zilikuwa mbaya. Lililonishangaza ni kwamba ushahidi wa madhara ulikuwa mwingi zaidi kwa shughuli zisizo na injini kuliko kwa zenye injini. Mtu wa miguu hufika mahali ambapo injini haifiki, na hufika kimya. Mnyama humgundua akiwa karibu mno.

Kayaki ni hivyo hivyo. Wanaozipiga kasia ni watu wazuri, wengi wao nawafahamu kwa sura, na wanaokota takataka kuliko sisi wavuvi. Lakini hupenda kuteleza kandokando ya ukuta wa udongo kwa sababu pale mkondo ni mpole. Jumapili moja nilimhesabu keremkerem mmoja akirudi kwenye tundu lake na kerengende mdomoni, akakuta kayaki chini yake, akazunguka. Akaja tena, akakuta nyingine. Mara saba. Ya nane akamla yule kerengende mwenyewe. Waongozaji wakiambiwa washike mkondo wa kati kwenye kipande kile, kama mita mia mbili hivi, hawatapoteza chochote. Nadhani hawajawahi kuambiwa.

Kuna jambo moja ambalo watu wa njia za milimani walilibaini zamani, na ambalo kwangu ndilo linaloua mchoro wenu. Mtafiti wa Marekani David Cole alitumia miaka mingi kupima mimea inavyoathiriwa na kukanyagwa. Akakuta madhara hayapandi sawasawa na idadi ya watu. Wapitaji wa kwanza wachache ndio wanaoharibu sehemu kubwa. Baada ya hapo ardhi imeshachakaa, na wa mia au wa elfu huongeza kidogo tu. Maana yake kwetu ni nyepesi. Huku tuliko, mkileta watu mara mbili ya hawa wa sasa, mtaongeza uchakavu kidogo. Kule, hata mkileta robo yao, mtaharibu karibu chote. Kuwagawa watu kwenye kingo mbili ili "kupunguza msongamano" kunasikika kama busara, ila hesabu yake ni kinyume.

Na wanyama wenyewe wanajua njia ilipo. Utafiti uliofanywa Boulder, Colorado, na kuchapishwa 2001 ulionyesha kwamba kulungu na ndege huwavumilia zaidi watu wanaobaki kwenye njia kuliko wanaotoka nje yake. Nami naliona hapa. Yangeyange wa upande wetu ananiacha nipite hatua kumi kutoka kwake almradi nisisimame na nisiache njia. Amenizoea kama unavyomzoea jirani mwenye kelele lakini mwenye ratiba. Wa ng'ambo hawana mazoea hayo. Kwa wiki za kwanza za mradi kila atakayepita kule atakuwa kama mimi na kisigino changu.

Mbwa nawagusa kwa haraka, maana najua barua itachukiwa hapa. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kutembeza mbwa kwenye misitu ya pembezoni mwa Sydney. Mbwa wote walikuwa wamefungwa kamba. Aina za ndege zilizoonekana zilipungua kwa 35% na idadi yao kwa 41%, hata mahali ambapo mbwa hupitishwa kila siku. Watu waliopita bila mbwa nao waliwasumbua ndege, ila kwa chini ya nusu ya kiwango hicho. Sisemi mbwa wafukuzwe. Nina mbwa. Anatembea huku, kamba mkononi, na ananusa nguzo ileile kila siku kwa furaha isiyopungua. Ng'ambo haimhusu.

Tuje kwenye taa, ambazo bango linazitaja kama jambo dogo la usalama. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 76 zilizohusu aina 62 za mamalia katika mabara sita. Ilionekana kwamba mamalia wanapoishi karibu na shughuli za watu, huhamishia maisha yao usiku. Mnyama aliyezoea kugawa shughuli zake nusu mchana na nusu usiku hufikia 68% usiku. Wametupisha mchana. Nadhani fisimaji wangu ni mmoja wao, ndiyo sababu jiwe lake nalifahamu kuliko sura yake. Mkiweka taa ng'ambo, hata huo usiku tutakuwa tumeuchukua, naye hana zamu nyingine ya kuhamia.

Na lami! Wako wadudu wa mtoni ambao wakishaota mabawa huishi siku moja au pungufu: hupandana, hutaga, hufa. Samaki, popo na ndege hungoja kwa hamu jioni wanapotoka. Watafiti wa Hungaria walieleza mwaka 1998 kwa nini wadudu hao hutaga kwa wingi juu ya barabara kavu za lami. Lami huakisi mwanga kwa mpangilio uleule wa uso wa maji, na kwa macho yao barabara ni mto. Mtapitisha mto bandia mweusi sambamba na mto wa kweli, muuwekee na taa. Aliyechora hakukusudia hivyo, najua. Lakini ndivyo alivyochora.

Sasa hoja yenu nzito kuliko zote, na ambayo sina haki ya kuidharau. Wazee, watu wenye viti vya magurudumu, wazazi wenye vigari: njia ya lami ya ng'ambo ingewafaa, na mimi mwenye miguu mizima ni nani niwazuie? Nimeliwaza hili kuliko mengine yote. Halafu nikakumbuka ngazi tisa za pale baada ya lango. Hazina mteremko wa magurudumu. Daraja la mbao la kwenye kinamasi limetoboka mbao tatu, na limefungwa utepe wa njano ambao sasa umekuwa mweupe kwa jua. Benchi liko moja tu kabla ya kona ya kwanza, nalo limeelekezwa kwenye maegesho. Nimewahi kumsaidia mtu mwenye kiti cha magurudumu kushuka zile ngazi, watu watatu tumemshika, naye alitushukuru kwa sauti ya mtu ambaye angependa asilazimike kushukuru. Mtu huyo hataliona daraja lenu jipya, kwa sababu hafiki linapoanzia. Fedha za daraja wekeni kwenye ngazi zile. Wekeni njia ngumu yenye upana wa viti viwili kupishana, upande huuhuu ambao tumeshauchakaza, na mabenchi yatazame maji.

Halafu mjenge kibanda cha kutazamia. Kimoja tu, cha mbao, chenye matundu kwa urefu wa mtu aliyesimama, wa aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu na wa mtoto, kielekee ule ukuta wa mdiria. Umbali wa pale ni mdogo. Hata bila darubini unamwona akitumbukia majini na kutoka na samaki, akimpigapiga kwenye tawi kabla ya kummeza. Mtoto akiliona hilo mara moja hahitaji bango la kumwambia asitupe chupa. Wenyewe tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ni sisi, na mwenyeji anaendelea vizuri kadiri tunavyobaki barazani.

Lile fungu la mchanga nalo lifungwe ndege wanapotaga. Kamba na vigingi vinatosha, pamoja na mtu. Nasisitiza mtu. Mabango yenu yana maneno "HAIRUHUSIWI" mara kumi na moja kati ya lango na mto, nimehesabu, na vijana hupita huku wakiyasoma kwa sauti ya kuiga mwalimu. Lakini nilimwona mlinzi wenu mmoja akimwazima kijana darubini na kumwonyesha ndege aliyekuwa ametanda juu ya mayai. Kijana yule ndiye aliyekuwa akiwazuia wenzake mchana kutwa. Walinzi wa namna hiyo mnao wawili, na mmoja mmemkalisha langoni kukata tiketi.

Wavuvi wenzangu hawatanipenda kwa hili la mwisho. Tunaacha mishipi. Nailoni ikinasa kwenye mizizi tunaikata na kuondoka, na haiozi kwa maisha ya aliyeikata. Niliwahi kumkuta koikoi akining'inia mguu mmoja kwenye matete, mshipi umezama nyamani hadi ngozi imeota juu yake. Nilimkata kwa kisu cha chambo huku akinilenga macho kwa ule mdomo wake. Aliruka, mguu umekunjika, na sikumwona tena. Tangu hapo naokota. Nina kopo moja lililojaa, la mwaka mmoja, la kipande ninachokipita mimi peke yangu. Bomba fupi lenye mfuniko kwenye kila kituo cha kuvulia lingetosha kuikusanya. Na chubwi za risasi, vile vizito vya metali tunavyofunga ili ndoana izame, zikatazwe. Uingereza ilipiga marufuku nyingi ya hizo mwaka 1987 baada ya bata maji kuzimeza wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu, na bata maji wao waliongezeka tena. Chubwi zisizo za risasi zipo. Samaki hajali.

Najua mtasema mradi umeshapangwa na mchoraji ameshalipwa. Pia najua kuacha mahali palivyo hakufunguliwi kwa sherehe, hakuna utepe wa kukata. Lakini mito na maziwa ya dunia hii yanachukua chini ya 1% ya uso wake, na humo wamo takriban nusu ya aina zote za samaki. Kipande chetu ni kifupi, mwendo wa saa moja kutoka lango hadi kwenye maporomoko. Nusu yake mmeshatupa, na tumeitumia hadi mizizi ikaonekana.

Kabla hamjaweka kigingi cha kwanza ng'ambo, naomba mje mtazame kutoka huku. Msije saa nne na msafara. Njooni saa kumi na mbili asubuhi, wawili au watatu, na yule mchoraji awepo. Mimi huwa kwenye jiwe la tatu baada ya kona, Jumamosi zote. Darubini ninayo moja, tutapokezana. Kopo la mishipi nitakuja nalo pia.

Wenu,
Mvuvi wa jiwe la tatu